Hezekia: Mfalme Mwema, Baba wa Namna Gani?

Katika masomo ya akina mama huku Songea, wafalme wa Israeli na Yuda hugawanywa upesi mafungu mawili. Daudi na Yosia huku, Ahabu na Manase kule, na Biblia inafungwa. Lakini yuko mmoja ambaye hatulii vizuri katika fungu lolote, na habari zake zinatugusa sisi wazazi kuliko za wengine wote. Huyo ni Hezekia.

Hebu tumtazame. Alitawazwa akiwa na umri wa miaka 25, akatawala Yerusalemu miaka 29. Baba yake, Ahazi, alikuwa amefunga milango ya nyumba ya Mungu. Hezekia akaifungua katika mwezi wa kwanza wa utawala wake. Akavunja hata yule nyoka wa shaba wa Musa, kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Fikiri, mama mpendwa, ujasiri wa kuvunja kitu kilichotengenezwa na Musa mwenyewe! Mwandishi wa kitabu cha Wafalme ana desturi moja nzuri: karibu kila anapomtaja mfalme wa Yuda, humtaja na mama yake. Mama wa Hezekia aliitwa Abi. Aliolewa na Ahazi, mtu aliyempitisha mwanawe motoni, na bado katika nyumba hiyo akatoka mtoto wa namna hii.

Imani ya Hezekia haikuwa ya mstari ulionyooka. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliingia Yuda, na katika maandishi yake mwenyewe anajivuna kwamba aliteka miji 46 yenye ngome. Jambo la kwanza alilofanya Hezekia ni kulipa: talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Talanta moja ni kama kilo 34, kwa hiyo dhahabu peke yake ilikaribia tani moja. Ili kuipata, aliibandua dhahabu ya milango ya hekalu, ileile aliyoipaka yeye mwenyewe. Senakeribu akapokea mali na bado akatuma jeshi. Ndipo Hezekia alipochukua barua ya matusi ya Waashuru, akaenda nayo hekaluni, akaikunjua mbele za Mungu. Mji ukapona. Wakati huohuo hakuwa mtu wa kukaa akisubiri muujiza: alichimbisha mfereji chini ya mwamba, wenye urefu wa meta 533 hivi, kuleta maji ya chemchemi ya Gihoni ndani ya mji. Upo hadi leo, na watu hupita ndani yake.

Kisha akaugua. Ukipiga hesabu ya miaka yake, alikuwa na umri wa miaka kama 39. Nabii Isaya akaja na ujumbe mgumu: atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana hatapona. Mfalme akageukia ukutani, akaomba, akalia sana. Mungu akamwongezea miaka 15. Sisi wauguzi tunapenda sana kinachofuata: Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, naye akapona. Nabii aliyeleta neno la Mungu ndiye aliyeleta na dawa! Tunalisema hili kwa sababu wapo ndugu wanaotaka kumtoa mgonjwa wodini kwa kutumia kisa cha mfalme Asa, aliyeugua miguu akawatafuta waganga bila kumtafuta Bwana. Kosa la Asa lilikuwa kumwacha Mungu, siyo kutibiwa. Mwenye kidonda cha kisukari asinyimwe dawa kwa jina la Asa.

Turudi kwa Hezekia. Baada ya kupona, wajumbe walikuja kutoka Babeli na zawadi. Akawaonyesha kila kitu: fedha, dhahabu, manukato, silaha, hakuacha chumba. Isaya akamwambia kwamba siku moja vyote vitachukuliwa Babeli, na baadhi ya wana watakaotoka kwake watakuwa matowashi katika jumba la mfalme huko. Mtu yule yule aliyelia machozi kwa ajili ya uhai wake, sasa hakulia. Alijibu kwamba neno hilo ni jema, maana katika siku zake yeye kutakuwa na amani. Tunapolisoma jibu hilo tunapata shida kulimeza. Ni watoto wake waliokuwa wakizungumzwa!

Manase alianza kutawala akiwa na miaka 12. Toa 12 katika ile 15: alizaliwa ndani ya miaka ya nyongeza, yapata mwaka wa tatu baada ya baba kupona. Mama yake ni Hefsiba. Mtoto wa shukrani, basi. Lakini alijenga upya madhabahu ambazo baba yake alizibomoa, akampitisha mwanawe motoni kama babu yake Ahazi, akatawala miaka 55. Hatusemi kwamba malezi ya Hezekia ndiyo yaliyomharibu. Biblia haisemi hivyo. Tunachoona ni kwamba Hezekia aliagizwa atengeneze nyumba yake, akaomba maisha, akapewa, na katika miaka yote 15 hatusomi tena habari ya ile nyumba.

Sisi wa Songea tunajua jinsi mambo ya wakubwa yanavyowaangukia watoto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Nkosi Mputa na wenzake wengi, na kaburi la pamoja lipo Mahenge, penye Makumbusho ya Majimaji. Wao angalau walikufa pamoja na watu wao. Lakini njaa iliyofuata, baada ya vyakula kuchomwa, ilikula hasa wale ambao hawakuulizwa neno lolote kuhusu vita.

Na wodini tunawaona akina Hezekia wengi. Baba anaingia amebebwa, anatoka anatembea. Jumapili inayofuata familia inapeleka mbuzi wa shukrani kanisani. Vizuri sana. Lakini hati ya shamba bado mke hajui ilipo, wosia hakuna, na mahindi yakivunwa yanauzwa yote kabla ya Agosti, na Februari kihenge ni kitupu. Dada, ukimuuliza, anakuambia mambo yako shwari. Ni kweli yako shwari, kwake.

Kwa mama mwenye mtoto aliyeshika njia ya Manase, Mambo ya Nyakati inasimulia kwamba Manase, akiwa amefungwa minyororo Babeli, alijinyenyekeza akaomba, naye akasikilizwa. Mwanawe Amoni hakujifunza chochote. Aliuawa baada ya miaka 2. Akabaki Yosia, yatima wa miaka 8, na mama yake Yedida. Akiwa na miaka 16 Yosia alianza kumtafuta Mungu. Akiwa na miaka 26, kitabu cha torati kiliokotwa hekaluni, naye akatuma watu kwa mwanamke, Hulda nabii, aulize maana yake.

Jibu la Hulda lilifanana na lile alilopewa Hezekia. Mabaya yatakuja, lakini siyo katika siku zako. Wewe utazikwa kabla ya kuyaona. Yosia angeweza kushukuru na kulala. Badala yake aliwakusanya watu wote, wadogo kwa wakubwa, akawasomea kitabu kile mwanzo hadi mwisho, akafanya agano mbele yao, kisha akaanza kusafisha nchi ambayo alikwisha kuambiwa kwamba itaanguka.