Kuulaza mnara

Saa nane za usiku kijiji kizima kimelala. Kinachosikika ni jenereta lililo ndani ya uzio, chini ya mnara wa simu, linanguruma vilevile kama lilivyonguruma saa nane mchana. Kwa nusu saa sasa hakuna aliyepiga simu wala kufungua WhatsApp. Dizeli yote hiyo inamhudumia nani?

Kwa sehemu kubwa, haimhudumii mtu. Mnara unajinadi. Ni kama mpiga debe wa stendi: abiria wawepo wasiwepo, lazima ataje njia yake, maana simu isiposikia sauti ya mnara haijui kama kuna mtandao. Kwenye 2G, mkondo mmoja wa masafa hurushwa mfululizo kwa nguvu ileile, usiku na mchana, hata kama hauna wa kumhudumia. 4G ilipunguza kelele kidogo tu: katika kila milisekunde, yaani mara elfu moja kwa sekunde, hutuma ishara za rejea ili simu zipime usikivu. 5G ndiyo ya kwanza kufundishwa kunyamaza. Kwa kawaida hujitangaza kila baada ya milisekunde 20, na viwango vyake vinaruhusu kusubiri hadi milisekunde 160.

Kwa nini basi tusiizime 2G tukapumzika, kama AT&T ya Marekani ilivyofanya mwanzoni mwa 2017? Muulize mama anayeuza mchicha na kitochi chake mkononi, anayepokea pesa kwa menyu za nyota na reli. Huyo ndiye anayeiweka 2G macho, na ana haki zote.

Gharama ya kukaa macho inapimika. Mradi wa EARTH, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kukamilika mwaka 2012, uliacha hesabu ambayo wahandisi tunairudia hadi leo. Mtambo mmoja wa redio ya 4G, wenye uwezo wa kurusha wati 20 hewani, ukibeba mzigo wake wote hula wati 224. Usipobeba chochote hula wati 130. Yaani mtambo uliokaa bure unakula zaidi ya nusu ya chakula cha mtambo unaofanya kazi kwa jasho. Ukilazwa, unashuka hadi wati 75. Sasa mnara wa kawaida una pande tatu, kila upande mitambo miwili kama hiyo au zaidi, na hapo ni kwa tabaka moja tu la masafa. Mitambo ya leo ni bora kuliko ile ya 2012, lakini ugonjwa ni uleule. Mkosaji mkuu ni amplifaya, kifaa kinachokuza mawimbi kabla hayajaingia kwenye antena: lazima kiwe tayari muda wote, na umeme mwingi kinaoula hugeuka joto tu, mfano wa daladala lililokwama kwenye foleni injini ikiunguruma.

Kuulaza mnara si kuuzima wote. Usingizi una vina vyake. Ule mwepesi kabisa ni mfupi mno: milisekunde moja ya 4G imegawanyika vipande 14, na amplifaya inaweza kuzimwa katika kipande kitupu ikawashwa kabla ya kipande kinachofuata. Mteja hawezi kujua. Ukizama zaidi, unapunguza antena. Mtambo wa 5G wenye njia 64 za kurushia unabakiza chache. Zaidi ya hapo unazima matabaka. Mnara wa mjini huwa na masafa ya chini, kama megahezi 800 au 900, yanayofika mbali, na juu yake 1800, 2100 na 2600 ya kubeba wingi wa watu. Usiku tabaka la chini linatosha, mengine yalale. Mwisho kabisa mtambo mzima huzimwa, ikabaki sehemu ndogo inayosikiliza amri ya kuamka, na kuamka huko huchukua dakika kadhaa.

Usingizi ukiwa mzito akiba inakuwa kubwa, na kuamka kunachelewa. Kazi yote iko hapo.

Kampuni yenye minara 3,000, kila mnara pande tatu, kila upande matabaka manne, ina seli 36,000, maana kila tabaka la kila upande ni seli moja. Hakuna chumba cha wahandisi kitakachokesha kikizima na kuwasha hizo zote. Nilipoanza kazi hii tulikuwa tukijaza hata orodha za minara majirani kwa mkono, mstari kwa mstari, kwenye jedwali la kompyuta. Ukikosea namba moja, mteja anayetoka Kibaha kwenda Chalinze simu inamkatikia palepale kila siku mpaka achoke kulalamika. Mwaka 2008 toleo la nane la viwango vya 3GPP, muungano unaoandika viwango vya mitandao ya simu, likaleta mtandao unaojipanga wenyewe: simu ikisikia mnara usiojulikana inauarifu mnara unaoihudumia, na majirani wanatambuana bila mkono wa mtu. Toleo lililofuata likagusa usingizi. Seli iliyobaki macho ikizidiwa, humtumia jirani aliyelala ujumbe aamke.

Tatizo ni kujua wakati wa kulala. Programu nyingi husoma mazoea ya wiki chache zilizopita, kisha hutabiri. Sasa njoo nazo Unguja usiku wa kwanza wa Ramadhani. Kwa mwezi mzima, saa tisa usiku mitaa ya Ng'ambo ilikuwa kimya, na programu imeshapata uhakika. Usiku huu watu wameamka kula daku, wanapigiana simu kuamshana, vijana wako mitandaoni mpaka alfajiri. Kumbukumbu za mwaka jana hazisaidii, kwa kuwa kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Wala kuandika tarehe mapema hakutoshi: mwezi hutangazwa ukishaonekana, jioni hiyohiyo. Ndiyo maana programu inayosifiwa kwa utabiri hainibabaishi. Naitazama inaamka kwa kasi gani, na kama mhandisi wa zamu, akiambiwa saa mbili usiku kwamba mwezi umeandama, ana kitufe cha kuizuia isilale.

Kuna na kichekesho cha lugha. Miongoni mwa mafundi, "seli iliyolala" lilikuwa jina la hitilafu kabla ya kuwa jina la akiba: seli ambayo kwenye skrini inaonekana nzima, haitoi king'ora, ila hakuna simu hata moja inayopita. Mtandao unaojitibu umefundishwa kuisaka. Ikigundulika, majirani huongeza nguvu au huinua antena zao ili kufunika pengo. Sasa fikiria programu ya akiba imeilaza seli kwa makusudi, na programu ya tiba, isiyoarifiwa, inaiona kama maiti na kuwaamuru majirani wapaaze sauti. Akiba ya upande mmoja inalipwa upande wa pili, na asubuhi kila programu inatoa ripoti kwamba imefaulu. Kugombana huku ni kugumu kukutatua kuliko kutengeneza programu yoyote kati ya hizo mbili, maana mara nyingi zimetoka kwa watengenezaji tofauti.

Turudi kwenye lile jenereta, kwa sababu huku kwetu ndiko fedha inakovuja. Tuchukue mnara usio na umeme wa gridi, unaokula kilowati 2, na jenereta la kilowati 16 lililonunuliwa kubwa "kwa usalama". Nalo lina ugonjwa uleule wa redio. Likibeba mzigo mdogo kiasi hicho linakunywa kama lita moja na nusu kwa saa, lita 36 kwa siku, na juu ya hayo linajijaza masizi kwa kuwa mafuta hayaungui vizuri. Programu ya redio ikiokoa wati 400 kwa saa sita za usiku, jenereta halishtuki. Huenda likapunguza chini ya lita moja. Weka betri nzuri za lithiamu, uliache jenereta lifanye kazi saa tano hivi likiwa limebeba mzigo unaolistahili, kisha lizimwe: siku nzima inaweza kuisha kwa lita 20. Kulaza jenereta kunalipa kuliko kulaza redio.

Lakini betri zikishakuwepo, na paneli za sola juu yake, zile wati 400 zinapata maana mpya. Usiku mnara unaishi kwa betri. Kinachoamua kama jenereta litawaka saa kumi alfajiri au jua litawahi ni akiba hiyohiyo ndogo. Programu ya redio ingepaswa kujua betri imebaki asilimia ngapi, ilaze matabaka mapema siku ya mawingu na kuwa mkarimu siku ya jua kali. Kiufundi hakuna kigumu hapo. Kigumu ni kwamba redio ni mali ya kampuni ya simu, ilhali jenereta, betri na uzio mara nyingi ni mali ya kampuni ya minara. Kama mkataba unailipa kampuni ya minara bei moja kwa mwezi bila kujali redio imekula kiasi gani, kampuni ya simu haina haja ya kuilaza redio. Kama dizeli inalipwa kwa lita, mwenye jenereta hana haraka ya kununua betri. Mita mbili, mabwana wawili.

Kwa hiyo nikiletewa ripoti ya akiba yenye asilimia na michoro ya kijani, huwa naipitia kwa adabu, kisha nampigia simu fundi wa eneo. Namuuliza mwezi huu gari la mafuta limepanda kilimani mara ngapi.