Mabomba Mawili ya Mbele

Mji wa Mwanza umejengwa kando ya Ziwa Viktoria, juu ya mawe na katikati ya mawe. Mgeni afikaye huko huona majabali makubwa yamepandana vilimani na hata majini, na nyumba zimeshikamana baina yake. Njia nyingi za vilimani ni nyembamba tena za mteremko mkali, hata gari haliwezi kupita kwa urahisi. Kwa sababu hiyo watu wengi hupanda pikipiki za kukodi, ziitwazo bodaboda. Pikipiki hizo huchukua wanafunzi, na wagonjwa waendao hospitali ya Bugando, na magunia ya dagaa yatokayo soko la Mwaloni huko Kirumba. Dereva, abiria na mzigo, wote huchukuliwa na kitu ambacho ni watu wachache wakitazamao: mabomba mawili ya chuma yaliyo mbele, yanayoshika gurudumu.

Pikipiki za kwanza hazikuwa na mabomba ya namna hii. Mwaka 1885 Mjerumani Gottlieb Daimler alitengeneza chombo cha magurudumu mawili chenye injini. Kiunzi chake kilikuwa cha mti, na mpandaji alitikiswa na kila jiwe la njiani. Baadaye mafundi walijaribu springi za namna nyingi. Mwaka 1935 kiwanda cha BMW huko Ujerumani kilianza kuuza pikipiki zenye mabomba ya mbele yaingianayo, yenye mafuta ndani yake. Pikipiki nyingi za Mwanza hufuata njia hiyo hiyo mpaka leo. Madereva huyaita mabomba hayo shokapu.

Ukitaka kufahamu kazi ya shokapu, fikiri mwanzi mwembamba unaoingia ndani ya mwanzi mnene. Bomba la juu ni jembamba na hung'aa, nalo limeshikwa na vibanio vya usukani. Bomba la chini ni nene, na ndilo lishikalo gurudumu. Gurudumu likigonga jiwe, bomba la chini hupanda, na springi iliyo ndani hujikunja. Kama ingekuwa springi peke yake, pikipiki ingerukaruka kama mpira. Lakini ndani mna mafuta pia, nayo hulazimishwa kupita katika matundu madogo. Kwa kuwa mafuta hayawezi kupita upesi, springi hurudi polepole, na gurudumu hubaki chini ardhini. Mafuta hayo huzuiwa yasitoke na mpira wa mviringo ulioko mdomoni mwa bomba la chini, ambao mafundi huuita sili.

Bomba la juu hung'aa kwa sababu limepakwa madini ya kromu, na ngozi hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Maji na matope yakidumu juu yake, kutu huingia chini ya ngozi hiyo, ikaibandua na kufanya vishimo. Mchanga nao hukwaruza. Mtu akipitisha ukucha wake juu ya bomba lililochakaa, husikia ukucha unakwama. Kishimo hicho hupita katika sili mara maelfu kila siku, nacho huikata kama msumeno mdogo. Ndipo mafuta huanza kutoka.

Mwanzoni huonekana duara jembamba la mafuta na vumbi. Baadaye mafuta hutiririka mpaka gurudumuni. Yakifika kwenye breki, breki huteleza. Tena, dereva akamatapo breki katika mteremko, uzito mwingi huja mbele, juu ya mabomba yale yale. Basi breki imedhoofika, shokapu haina mafuta ya kutuliza springi, na gurudumu linarukaruka juu ya mawe. Hapo mtu aliyeketi nyuma yumo hatarini, wala hajui.

Dereva wengi hulijua jambo hili, lakini huchelewa kulitengeneza. Mara nyingi pikipiki si mali yao. Jioni sharti wapeleke fedha kwa tajiri mwenye pikipiki, nazo huitwa hesabu. Siku ya kukaa kwa fundi ni siku isiyo na hesabu. Kwa hiyo mtu huomba abadilishiwe sili tu, aende zake. Lakini sili mpya juu ya bomba lenye vishimo hukatwa kama ile ya kwanza, na fedha imepotea. Mwingine aliyeanguka huomba bomba lililopinda ligongwe kwa nyundo linyooke. Nalo huonekana limenyooka, lakini chuma kilichopinda kikanyooshwa kimekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake. Kilichoharibika ni bomba, basi yapasa kubadili bomba.

Fundi mwema hufanya kazi hiyo kwa utaratibu. Kwanza hulegeza vifuniko vya juu vya shokapu pikipiki ingali imesimama imara. Kisha huweka gogo imara chini ya injini, gurudumu la mbele lisiguse ardhi, akaondoa gurudumu, waya wa breki na bamba la kuzuia matope. Hulegeza vibanio, akavuta shokapu kwa chini huku akizizungusha kidogo. Anapofungua kifuniko huweka uso wake mbali, kwa maana springi yaweza kukirusha. Mafuta machafu huyamimina katika kopo. Hayamwagi mferejini, kwa sababu maji ya mifereji mingi ya mjini huishia Mto Mirongo, nao hushuka ziwani.

Bomba jipya halitiwi kabla ya kupimwa. Fundi huliweka kando ya lile la zamani, atazame kama urefu na unene ni sawasawa. Kisha huliviringisha juu ya kioo. Likiwa limenyooka, huenda laini. Likiwa limepinda, mwanga huonekana chini yake. Mabomba hubadiliwa yote mawili pamoja, ili yachukue uzito sawasawa. Sili mpya hupakwa mafuta kabla ya kupitishwa bombani, isichanike. Mafuta mapya hupimwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki, na kila upande hupewa kiasi kile kile. Mabomba yakiisha kurudishwa, yote mawili husimama kimo kimoja. Fundi husukuma usukani chini mara kadhaa ili yajilinganishe, ndipo hukaza nati zote. Mwisho huendesha polepole mahali tambarare, akajaribu breki, akatazama kama mafuta yanatoka.

Wako watu wapendao kurefusha mabomba hayo. Namna hii ilienea Marekani baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945. Pikipiki mashuhuri kuliko zote za namna hiyo zilionekana katika sinema ya Easy Rider ya mwaka 1969. Wamarekani weusi wawili, Clifford Vaughs na Ben Hardy, walishiriki katika kuzibuni na kuzitengeneza. Gurudumu la mbele lilikaa mbali sana na dereva, na watu wengi walipendezwa na umbo lile.

Lakini urefu una gharama yake. Mvuvi ajua kwamba upondo mrefu hupinda kwa urahisi kuliko mfupi. Chukua mfano wa bomba lenye sentimita 60 kutoka kibanio cha chini mpaka katikati ya gurudumu. Likirefushwa kwa sentimita 15, linakuwa sentimita 75, na pigo lile lile la jiwe hulipinda kwa nguvu iliyozidi kwa robo. Usukani nao huwa mzito katika kona. Basi atakaye kurefusha na anunue mabomba mazima yaliyotengenezwa kwa urefu huo, na tena manene ya kutosha. Kuunga kipande kwa kuchomelea ni kumweka mpandaji juu ya kiungo kimoja. Kikikatika, hakuna cha pili cha kumshika. Na katika mawe ya Mwanza urefu huo haufai kitu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Duara dogo la mafuta juu ya bomba ni ufa. Nawe siku utakapopanda bodaboda kushuka kilimani, tazama kwanza mabomba mawili ya mbele. Ukiona yamelowa mafuta, mwambie dereva kwa adabu, kisha utafute pikipiki nyingine.

Maswali
1. Mafuta yaliyo ndani ya shokapu hufanya kazi gani?
2. Kwa nini kubadili sili peke yake hakufai bomba likiwa na vishimo?
3. Fundi hujuaje kwamba bomba jipya limenyooka?
4. Bomba la sentimita 60 likirefushwa kwa sentimita 30, nguvu ya kulipinda huzidi kwa kiasi gani?
5. Kwa nini dereva huchelewa kwenda kwa fundi? Wewe ungemshauri nini?