Hewa Nayo Hujaa na Kupwa

Msomaji wa Iringa anauliza kwa nini saa yake ya mazoezi, aliyoiacha mezani saa nne asubuhi, ilipofika saa kumi jioni ilionyesha kwamba mwinuko umeongezeka karibu mita 30. Anataka kujua kama ameuziwa saa mbovu.

Saa ni nzima. Jibu limo kwenye vitobo vyake.

Ubavuni mwa saa nyingi za wakimbiaji na wapanda milima kuna vitobo vidogo, na nyuma yake utando mwembamba mno wa silikoni uliofunika kichumba kisicho na hewa. Hewa ya nje ikiusukuma, utando hubonyea, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na saa husoma badiliko hilo. Kinachopimwa ni kanieneo, neno la vitabu vyetu vya fizikia ninalolipenda kuliko “mgandamizo wa hewa” wa taarifa za utabiri, kwa kuwa limebeba fomula yake nzima: kani juu ya eneo. Kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1,013 hivi. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, hubaki 830 hivi, maana sehemu ya hewa umeiacha chini yako. Huku nyanda za juu, kila hektopaskali moja ikipungua, saa huhesabu kuwa umepanda mita 10. Mlima haiujui, inajua uzito wa hewa iliyo juu yake.

Na uzito huo hautulii. Hewa hujaa na kupwa kama bahari ya Bagamoyo, mara mbili kwa siku: hujaa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, ikapwa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Baharini mwenye amri ni mwezi, ndiyo maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na bamvua huja mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Angani mwenye amri ni jua, tena kazi yake si kuvuta bali kupasha. Mvuke ulio chini na ozoni iliyo juu sana hunyonya joto, hewa hutanuka, na wimbi huizunguka dunia likilifuata jua. Kwa hiyo hewa haichelewi: leo saa nne, kesho saa nne. Mwanasayansi Alexander von Humboldt, aliyesafiri Amerika ya tropiki kati ya 1799 na 1804, aliona kipimahewa kikipanda na kushuka kwa utaratibu ambao mtu angeweza kukadiria saa kwa kukitazama. Ulaya wimbi hili ni dogo, na dhoruba hulimeza. Kwetu, karibu na ikweta, tofauti hufika hektopaskali tatu hivi. Zidisha kwa 10, unapata mita za ile meza ya Iringa.

Basi anayetoka Mbeya mjini alfajiri kupanda mlima Loleza, mita 2,656, akarudi saa nne, asishangae saa ikimwambia kwamba mlango wa nyumba yake umeshuka. Weka mwinuko upya kabla ya kila safari, mahali pale pale, kwa kipimo kile kile. Saa nyingi hujirekebisha kwa GPS. Simama uwanjani palipo wazi mpaka ipate setilaiti. Mvua kubwa nayo huchezea namba.

Vitobo visafishwe. Jasho, sabuni na vumbi jekundu huviziba. Suuza kwa maji safi, kausha, wala usichokoe kwa sindano, utatoboa utando. Ukitaka kuijaribu, panda basi kutoka Ruaha Mbuyuni kuja Iringa na uiangalie mnapoanza kupanda mlima Kitonga. Namba zipande kona kwa kona; zikiganda, vitobo vimeziba.