Rubani hulala hotelini, dereva wa basi la Kisii garini

RUBANI atuaye ugenini hajiamulii atapumzika kwa muda gani. Sheria za usafiri wa angani humpangia saa za kazi na za usingizi, naye mwajiri hugharimia hoteli. Ndiyo maana Kenya Airways ilipoanzisha safari za Nairobi hadi New York mnamo Oktoba 2018, mwendo wa takriban saa 15, marubani wanne walihitajika ili wapokezane.

Hali ni tofauti katika vituo vya mabasi vya Kisii, Keroka na Nyamira. Safari ya Nairobi kupitia Sotik, Bomet na Narok ni ya kilomita 300 hivi, na basi lililofika alfajiri huenda likarejea jioni. Muda huo wa kati ndio mapumziko. Dereva hula ugali wa wimbi kwa chinsaga kibandani, kisha hujinyosha kwenye viti vya nyuma. Utingo hana hata hilo: yeye huita abiria, hupakia ndizi na, akibahatika, hucheza drafti kwa vifuniko vya soda.

Si kwamba sheria ilisahau. Kanuni za magari ya uchukuzi za mwaka 2014 zilimzuia dereva kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Lakini saa hizo ni za usukani. Usingizi wa mchana katikati ya honi na wachuuzi hauhesabiwi na yeyote. Isitoshe, alipwaye kwa siku akienda kulala hukosa riziki.

Ingewezekana dereva wa Kisii ashukie Narok akalale, mwenzake wa Nairobi aendelee na safari. Kitanda kimoja cha Narok ni gharama ndogo kwa mwenye basi.