Baiskeli ikilia "tak, tak", itafute sauti kabla hujanunua kipuri

Huku kwetu Kibondo na Kasulu mazao mengi hayaanzi safari kwenye lori. Yanaanzia kwenye keria ya baiskeli. Gunia la maharage, mihogo mikavu, mikungu ya ndizi, vyote vinatoka shambani kwa baiskeli mpaka barabarani, ndipo lori linapokuja kuchukua. Na njia yenyewe mnaijua: kilima, bonde, halafu kilima tena. Mkulima wa biashara anayeandika gharama za mbegu, mbolea na vibarua lakini baiskeli haimo kwenye daftari lake, kuna mtambo wa shamba ameusahau.

Vijana wengi huniuliza kuhusu wadudu na bei. Ila kuna swali moja linarudi kila kiangazi, mizigo ikianza kutoka: "Bwana shamba, baiskeli yangu inalia tak, tak, tak, na fundi haoni kitu." Nimeamua nilijibu kwa urefu, maana sauti hiyo imewala watu hela nyingi, na kuna siku inaweza kumla mtu mwenyewe.

Nianze na kijana mmoja mkulima wa maharage upande wa Makere, kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Baiskeli yake ni ya kawaida, ile ndefu ya tairi za inchi 28, na anabeba gunia la kilo 100. Sauti ilianza akiwa anapandisha: tak moja kila mguu wa kulia ukikanyaga. Akanunua pedeli mpya, ikaendelea. Akabadilisha cheni, ikaendelea. Fundi akamgongea kotapini na kumwekea grisi kwenye beringi za kati, na kwa siku mbili baiskeli ikanyamaza. Akafurahi. Siku ya tatu akapakia gunia, sauti ikarudi kama ilivyokuwa.

Nilipomuuliza zile siku mbili alibeba nini, alicheka. Hakubeba kitu, alikuwa anaenda kanisani na msibani. Yaani dawa haikuponya, ugonjwa ulikosa mzigo wa kuuamsha. Ni sawa na mtu aliyepiga dawa, kesho yake mvua ikanyesha, mimea ikachangamka, naye akaisifu dawa. Kipimo chochote kifanye katika hali ileile iliyoleta tatizo. Kama inalia na gunia kwenye mwinuko, ipime na gunia kwenye mwinuko.

Kwanza: hesabu

Sauti inayojirudia ina ratiba, na ratiba inakutajia mtaa inakokaa. Chukua chaki, weka alama kwenye tairi la nyuma na nyingine kwenye pingili moja ya cheni. Halafu hesabu meno ya gia. Tuseme gia kubwa ina meno 48, ndogo 18, na cheni ina pingili 112. Hapo pedeli zikizunguka mara 3, tairi limezunguka mara 8. Pedeli zikizunguka mara 7, cheni imezunguka mara 3. Kama ya kwako ina meno tofauti, piga hesabu yako, kanuni ni hiyohiyo.

Sasa sikiliza:

- Tak moja kila pedeli ikizunguka mara moja: angalia pedeli, mkono wa pedeli, kotapini, ekseli ya kati, au kitu chochote kinachosukumwa ukikanyaga.
- Tak inayoendana na alama ya tairi: angalia spoku, rimu, jiwe lililonasa kwenye tairi, au waya wa matigadi unaogusa.
- Tak inayokuja kila alama ya cheni ikipita: kuna pingili ngumu isiyokunja vizuri. Zungusha pedeli kinyumenyume taratibu, utaiona ikiruka kwenye gia ndogo.
- Tak isiyo na ratiba, inayotokea kwenye mashimo tu: keria, nati za matigadi, springi za siti, kengele.

Na ile tiki-tiki-tiki ya haraka unapoacha kukanyaga kwenye mteremko, hiyo ni friwili ikifanya kazi yake. Usiipeleke kwa fundi.

Pili: ondoa kimoja kimoja

Kanyaga ukiwa umekaa, kisha kanyaga ukiwa umesimama. Sauti ikipotea ukisimama, siti na nguzo yake ndizo za kuangalia kwanza. Acha kukanyaga kwenye mteremko: ikiendelea kulia, pedeli na cheni hazina kosa, nenda kwenye magurudumu. Shuka uikokote na mzigo wake, ukiiyumbisha kushoto na kulia. Ikilia hapo, shuku keria na bolti zake.

Kwa kotapini kuna kipimo kizuri. Weka mikono ya pedeli ilale sawa na ardhi, mguu wa kulia mbele, simama juu ya pedeli zote mbili. Halafu zungusha nusu, mguu wa kushoto uwe mbele, simama tena. Mkono mmoja ukidondoka kidogo au kucheza, pini imelika au imelegea. Usiendelee kuiendesha hivyohivyo, kwa sababu itakula na tundu la ekseli, na hapo utanunua vitu viwili badala ya kimoja.

Kwa spoku, kamata mbili mbili pale zinapopishana, zibane kwa mkono. Iliyolegea utaisikia. Za nyuma upande wa friwili ndizo zinazokatika zaidi, maana upande huo unabeba uzito na kuvutwa na cheni. Moja ikikatika, wenzake wanabeba kazi yake, nao hawachukui muda mrefu.

Ukikaza pedeli kumbuka: ya kulia inakazwa kama nati nyingine zote, ya kushoto inakazwa kinyume. Wengi wameharibu uzi wa pedeli ya kushoto kwa kutojua hilo.

Badilisha au kaza kitu kimoja, kisha jaribu. Ukikaza vitano kwa mpigo na sauti ikaisha, hutajua ni kipi, na ikirudi utaanza upya.

Tatu: sikio linadanganya

Hapa turudi kwa yule kijana. Hesabu ilisema pedeli. Lakini pedeli zilikuwa mpya, kotapini zimekaza, beringi hazichezi. Tukapakia gunia, nikashika breki ya nyuma mpaka mwisho, nikamwambia akanyage pedeli ya kulia bila baiskeli kwenda. Tak. Akaachia, akakanyaga tena. Tak. Hakuna kilichozunguka, lakini sauti ipo. Basi si pingili ya cheni, si gololi za pedeli. Ni kitu kinachovutwa na kujipinda.

Chuma kinasafirisha sauti. Bomba la fremu ni kama filimbi: ufa uko huku, sikio linasikia kule. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikapita sehemu moja hadi nyingine huku yeye akikanyaga. Kwenye ekseli ya kati sauti ilikuwa ndogo. Kwenye bomba la chini linaloelekea gurudumu la nyuma, upande wa cheni, ikawa kali.

Bomba hilo lilikuwa limezungushiwa mipira ya tyubu kuukuu, ile tunayofungia mizigo. Vijana wengi hufanya hivyo ili rangi isichubuke na mpira uwe karibu ukihitajika. Tukaifungua. Chini yake kulikuwa na mstari mwembamba wa kutu ukizunguka bomba, zaidi ya nusu yake. Kutu inayotoka kwenye mstari ulionyooka katikati ya rangi nzima ni ufa, usiite mkwaruzo.

Fundi mzee tuliyempelekea aliipindisha kidogo kwa mkono, mdomo wa ufa ukafunguka. Akamtazama kijana: "Mwanangu, ungeshuka nayo mlimani na gunia hili, wangekuokota wewe na maharage punje kwa punje."

Hilo ndilo ninalotaka likae kichwani. Kijana alishalipa pedeli, cheni na kazi ya fundi, hela ya kuwalipa vibarua wa palizi siku kadhaa, na muda wote kilichokuwa kinamlilia kilikuwa fremu inayotaka kukatika. Wakulima wa mihogo mnaijua tabia hii kwenye michirizi kahawia: mmea unaweza kuonekana mzima juu, ukichimba unakuta kiazi kimeoza. Dalili iko mahali pamoja, ugonjwa mahali pengine.

Fremu yenye ufa ufanyeje

Usipakie. Usiizungushie waya na mpira ukasema itafika. Bomba la baiskeli ni jembamba, na fundi wa kuchomelea kwa umeme asiye mzoefu hulitoboa badala ya kuliunga. Tafuta anayechomelea kwa gesi na shaba, na mwombe aweke kipande cha kuimarisha ndani au juu ya ufa. Hata baada ya hapo, ifanye baiskeli ya mizigo midogo. Kama ufa uko kwenye foku au shingo ya usukani, mimi nakushauri ubadilishe kabisa. Foku ikikatika kwenye mteremko, unatangulia wewe, gunia linafuata.

Kabla ya msimu wa kusomba

Fungua mipira yote iliyozungushwa kwenye fremu. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, pitisha kidole kwenye maungio: chini ya siti, shingo ya usukani, karibu na ekseli ya kati, na pale ekseli ya nyuma inapokaa. Kaza bolti za keria. Paka cheni mafuta kidogo na ufute yanayozidi, kwa sababu vumbi jekundu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa. Gawanya mzigo: gunia moja zito safari mbili lina gharama ya muda, lakini andika gharama hiyo kwenye daftari uilinganishe na bei ya fremu na ya mguu wako.

Na ukienda kwa fundi, usimwambie tu "inalia". Mwambie mambo manne: inalia mara ngapi kwa kila mzunguko wa pedeli, inalia ukikanyaga au hata ukiacha, inalia na mzigo wa kilo ngapi, na umeshabadilisha nini. Fundi akipata majibu hayo ataanza kutafuta, hataanza kubahatisha. Kipuri nunua baada ya kosa kuonekana kwa macho.