Wageni wa Majarubani

Januari moja nilikuwa Namasakata, mkoani Ruvuma, na asubuhi mwenyeji wangu akanipeleka kwenye majaruba yake ya mpunga. Ndege wadogo wenye miguu mirefu walikuwa wakikimbia pembezoni mwa maji huku wakitikisa mikia. "Hawa ndio wanaonimalizia mbegu, ndugu yangu," akasema, akanionyesha chupa ya dawa ya wadudu aliyokusudia kuitia kwenye chambo. Nikamwomba angoje kwanza. Tukaketi juu ya tuta.

Ndege wale ni vitwitwi. Mmoja ana uzito wa gramu 60 hivi, naye huanguliwa kwenye vinamasi vya huko Finland na Urusi. Baridi ikikaribia wadudu wa kule hutoweka na maji huganda. Basi hula mpaka wakanona, mafuta hayo yakawa ndiyo masurufu ya njiani. Kwetu huanza kufika Agosti, wakarudi kwao Machi na Aprili.

Wakishafika hawatui popote tu. Kinachoamua ni kina cha maji. Kitwitwi hutafuta maji yasiyozidi urefu wa miguu yake, yenye tope laini, kwa sababu riziki yake ni wadudu, viluwiluwi na konokono wadogo. Jaruba likifurika hulihama. Tope likikauka likawa gumu, hulihama pia. Wakati wa kiangazi utawakuta kando ya mito na mabwawa makubwa. Mvua zikianza hutawanyika, hata kwenye dimbwi la barabarani utawaona. Ndiyo maana wiki hii bonde limejaa na wiki ijayo hakuna hata mmoja.

Mla mbegu yupo, lakini ni mwingine: wale bata wanaopiga mluzi wakiruka. Hao ni wenyeji wa Afrika. Mchana hupumzika majini, usiku huvamia mpunga. Mwenyeji wangu alimkuta kitwitwi mchana, akamhukumu kwa kosa la bata wa usiku!

Na sumu je? Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2009 watafiti walieleza jinsi ndege walivyotegwa kwa Furadani katika mashamba ya mpunga, kisha wakauzwa kwa watu kama kitoweo. Nilimweleza hivyo, naye akawatazama wanawe waliokuwa wakicheza pale bondeni.

Chupa ikarudi nyumbani. Usiku ule nilisikia debe tupu likigongwa bondeni, karibu hadi alfajiri.