Usiku wa benga ukikatizwa Kisumu, bendi hupoteza nini?

MPENZI wa benga anayetoka Manyatta kwenda kwenye kumbi za Kondele huwa hana haraka. Anajua kwamba bendi inayopanda jukwaani saa mbili usiku haitaonyesha makali yake hadi saa tano au saa sita. Ndiposa amri ya kuzima spika mapema huacha uchungu ambao mgeni huenda asiuelewe.

Kwa zaidi ya miaka 40, muziki wa jukwaani unaopendwa na wakazi wa eneo la Ziwa Victoria umekatizwa mara nyingi. Kafyu, ghasia za kisiasa, sheria ya vileo, malalamishi ya majirani na hata kukatika kwa stima vyote vimewahi kuzima magitaa kabla ya wakati.

Kila sababu ina hoja zake. Hata hivyo, matokeo hulingana, na ili kuyaelewa ni muhimu kujua kwanza jinsi muziki wenyewe ulivyoundwa.

Utamu huwekwa mwisho

Benga ilikua miongoni mwa Waluo baada ya wanamuziki kuhamishia kwenye gitaa mbinu za nyatiti, ala ya nyuzi nane. Gitaa la solo hufuata sauti ya mwimbaji hatua kwa hatua, likimjibu kila anapotua.

Sehemu ya kwanza ya wimbo huwa ya maneno. Msikilizaji hukaa, akanywa kinywaji chake na kusikiliza sifa, mawaidha au kisa cha mapenzi. Baadaye mwimbaji hunyamaza, besi hupanda, na gitaa la solo hushika usukani. Hapo ndipo watu huinuka kucheza.

Enzi za santuri ndogo, wimbo mmoja uligawanywa mara nyingi katika pande mbili. Aliyesikia upande wa kwanza pekee alikuwa hajasikia wimbo. Jukwaani, mpangilio huo hupanuliwa ukawa wa usiku mzima: saa za mwanzo ni za kutayarisha masikio, saa za mwisho ni za miguu.

Pesa nazo huja usiku

Ratiba ya kipato hufuata mkondo huo huo. Katika benga, na zaidi katika ohangla, kuna desturi ya Waluo iitwayo pakruok. Mteja husimamisha muziki, akatoa pesa na kujisifu, au akamsifu rafiki, mpenzi, ukoo au kijiji chake. Akimaliza, muziki huendelea hadi mwingine anapojitokeza.

Kwa bendi nyingi ndogo, malipo ya mwenye baa hutosha nauli na chakula tu. Tuzo za pakruok ndizo hujaza pengo. Lakini hakuna anayejisifu mbele ya viti vitupu. Ukumbi sharti ujae, na mashindano ya kutuza yashike moto, jambo ambalo kwa kawaida hutokea usiku umekwenda.

Kwa hivyo tamasha la saa sita likikatwa baada ya saa tatu, bendi haipotezi nusu ya mapato. Huenda ikapoteza sehemu kubwa zaidi, kwa sababu saa zilizokatwa ndizo zilizokuwa na pesa.

Kutoka 1982 hadi 2021

Jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lilifuatwa na kafyu jijini Nairobi. Wakati huo bendi nyingi za benga zilitegemea Nairobi kurekodi, kuuza santuri na kucheza. Usiku wa jiji kuu ulipofungwa, athari zilifika hadi nyumbani.

Baadhi ya wanamuziki walikabiliwa na hatari ya ziada. Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz aliyezaliwa upande wa Tanzania, aliwahi kutiwa mbaroni kutokana na nyimbo zilizotafsiriwa kuwa za kisiasa. Mwimbaji wa aina hiyo hakujua kama tamasha lijalo lingefanyika. Misiani alifariki Mei 17, 2006, katika ajali ya barabarani Kisumu.

Miezi 19 baadaye, matokeo ya uchaguzi wa urais yaliyotangazwa Desemba 30, 2007, yalizua ghasia. Kisumu iliwekwa chini ya kafyu na maduka katikati ya mji yakateketezwa. Sherehe za Mwaka Mpya, ambazo kwa bendi ni sawa na msimu wa mavuno kwa mkulima, zikapotea. Utulivu ulianza kurejea baada ya mkataba wa amani kutiwa saini Februari 28, 2008.

Pigo refu zaidi lilikuwa la Covid-19. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, na kuanzia Machi 27 Wakenya wakatakiwa kuwa nyumbani kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Masharti yalilegezwa kisha yakakazwa mara kadhaa.

Juni 1, 2021, Kisumu iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka. Kabla ya mwezi huo kwisha, maambukizi yalikuwa yamepanda. Kuanzia Juni 18, kaunti 13 za magharibi mwa nchi, Kisumu ikiwemo, zikarejeshewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni huku kwingineko ikianza saa nne usiku. Kafyu iliondolewa kote nchini Oktoba 20, 2021.

Muda huo wote wa karibu miezi 19, bendi inayoishi kwa usiku haikuwa na usiku.

Sheria na majirani

Si kila mkato huletwa na dharura. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, iliagiza baa za kawaida kuuza pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Mwenye baa asiyeuza kinywaji baada ya saa tano ana sababu chache za kuilipa bendi hadi saa nane.

Kanuni za mazingira za 2009 nazo ziliweka viwango vya kelele. Katika maeneo ya makazi, usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili, na kiwango kinachoruhusiwa ni desibeli 35, ambacho hakizidi mazungumzo ya chini. Hakuna gitaa la umeme linaloweza kutii kiwango hicho.

Majirani wana haki yao. Manyatta ni mtaa ambao nyumba zimebanana, na ukuta mmoja wa mabati hutenganisha ukumbi na chumba anamosomea mtahiniwa au anamolala mgonjwa. Furaha ya mmoja ni usiku wa macho kwa mwingine.

Mvutano huo si wa Kisumu pekee. Januari 30, 1969, kundi la roki la Beatles lilicheza juu ya paa la jumba moja jijini London. Baada ya dakika 42 hivi polisi waliingilia kati kufuatia malalamishi ya kelele. Hiyo ikawa mara ya mwisho kwa kundi hilo kucheza hadharani.

Kisha kuna muziki wa matangani. Mara kwa mara wasimamizi wa mikoa wamepiga marufuku disko matanga, wakitaja usalama na hasa ulinzi wa watoto dhidi ya unyanyasaji wa kingono usiku. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kwa mwanamuziki wa kijijini, mazishi ni miongoni mwa kazi chache za uhakika.

Stima ikipotea

Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu kote nchini mwendo wa saa nne kasorobo usiku, wakati bendi za wikendi zinapoanza kupata joto. Ukumbi wenye jenereta uliendelea. Usio nayo ulirudisha watu nyumbani.

Hapa ndipo ala za zamani huonyesha ubora wake. Ngoma za ohangla, ambazo kiasili huwambwa ngozi ya kenge, pamoja na orutu yenye uzi mmoja, hazihitaji waya. Benga ikizimika ghafla, mpigaji wa ohangla anaweza kuendelea gizani, ingawa kinanda chake cha kisasa kitanyamaza.

Nani hubeba hasara?

Tamasha kubwa likifutwa, habari huenea. Julai 2016 mwanamuziki Koffi Olomide alifukuzwa nchini siku moja baada ya kuwasili, kufuatia video iliyomwonyesha akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Tamasha lake likafutwa, na kila aliyenunua tiketi akajua ana dai.

Katika ukumbi wa mtaa hakuna tiketi wala mkataba. Makubaliano huwa ya mdomo na malipo ya awali ni ya usafiri. Polisi wakifika saa nne, mwenye baa husema hakuuza, naye mpiga besi hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mkataba wa karatasi moja ungepunguza dhuluma hiyo, mradi utaje malipo yatakuwa kiasi gani tamasha likikatwa kwa sababu isiyo ya bendi. Kuanza mapema, hasa Jumapili alasiri, ni njia nyingine ya kuwafikia mashabiki bila kuwakosesha majirani usingizi.

Hata hivyo, mpango wa alasiri una gharama yake. Wanaotuza bado huwa kazini au kanisani, na pakruok ya mchana haina moto wa usiku. Bendi itakayohamia mchana italazimika kupata kwenye kiingilio kile ilichozoea kupata kwenye sifa.